Watani Mwisho wa Reli

Simba na Yanga zina makao yao Kariakoo, moja Mtaa wa Msimbazi na nyingine Twiga na Jangwani, lakini wenye timu hizo wengi hawajawahi kukanyaga Kariakoo. Wako Kasulu, Namanyere, Newala na Tarime. Wamezirithi kwa baba zao, pamoja na shamba na jina la ukoo, na kwa miaka mingi kilichowaunganisha nazo kilikuwa redio: Ahmed Jongo au Charles Hilary akitangaza, na betri zimeanikwa juani tangu asubuhi ili zisikate roho kabla ya dakika ya tisini. Watu hao wamenuniana na hata kuvunja uchumba kwa ajili ya wachezaji ambao sura zao hawazijui.

Kwa hiyo ilipothibitika kwamba fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ya mwaka 2021 itazikutanisha Simba na Yanga, watani wa jadi, na kwamba itapigwa Uwanja wa Lake Tanganyika, Kigoma, Jumapili ya Julai 25, niliamua kwenda, tena kwa treni. Wenzangu wa tawini walikodi basi. Wenye nazo walikata tiketi za ndege. Mimi nilitaka kufika Kigoma kwa njia iliyoipa Kigoma jina lake la pili, Mwisho wa Reli.

Niseme mapema kwamba mimi ni Yanga, na msimu ule haukuwa wetu. Simba walikuwa wametwaa ubingwa wa ligi kwa mara ya nne mfululizo. Cha kujivunia tulikuwa nacho kimoja: Julai 3, Uwanja wa Mkapa, Zawadi Mauya alifunga bao pekee tukawatibulia sherehe. Hata mechi hiyo ilikuwa kiporo. Ilipangwa Mei 8, muda wa kuanza ukasogezwa siku hiyohiyo kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku; Yanga wakafika uwanjani kwa ratiba ya zamani, wakaondoka zao, na Simba wakaja kwa ratiba mpya. Nchi nzima ilikuwa imevaa jezi, mechi ikayeyuka. Sasa ikaja fainali, na fainali haina kiporo wala sare. Lazima mtu alie.

Shirikisho la soka lina desturi ya kuizungusha fainali hii mikoani, na ni katika mambo machache ya uongozi wa mpira wetu ambayo sina neno nayo. Mwaka 2017 ilikwenda Dodoma, 2018 Arusha, 2019 Lindi, 2020 Sumbawanga. Nusu fainali nazo husambazwa: safari hii Yanga waliifunga Biashara United mjini Tabora, na Simba wakaifunga Azam kule Songea, kila mmoja kwa bao moja. Lakini fainali zote hizo za mikoani zilikuwa na mkubwa mmoja, au hazikuwa naye kabisa. Watani wote wawili, kombe moja mezani, mbali na Dar es Salaam: hilo ndilo lililokuwa geni.

Au nilidhani ni geni, mpaka nilipokaa na mzee mmoja kwenye behewa la daraja la tatu. Ilikuwa baada tu ya Idi el Haji, treni imejaa watu waliokuja Dar kula sikukuu na sasa wanarudi, mabegi, magodoro, majiko ya gesi, na katikati yao sisi wa mpira, kijani huku, wekundu kule, barakoa zikining'inia kidevuni kwa sababu mwaka ule wa korona ndivyo tulivyozivaa. Mzee alikuwa mstaafu wa relwe, mzaliwa wa Ujiji, na Simba hakuiita Simba. Aliiita Sunderland, jina ambalo klabu ililiacha mwaka 1971.

“Mwanangu,” aliniambia alipoiona jezi yangu, kabla hata hatujavuka Pugu, “mimi msinifanye mgeni. Mlishaniliza mkoani zamani sana. Nilikuwa Nyamagana.”

Kila shabiki wa Tanzania ameisikia Nyamagana. Agosti 1974, Mwanza, mechi ya kumpata bingwa wa nchi. Adam Sabu aliipatia Simba bao mapema, na bao hilo likakaa, likakaa, mpaka zikiwa zimebaki dakika tatu Gibson Sembuli akasawazisha. Wakaenda muda wa nyongeza, na Sunday Manara akamaliza kazi. Mimi niliipata hadithi hiyo kwa baba, upande wa waliocheka. Sikuwahi kuisikia kwa aliyelia upande wa pili. Mzee alikuwa kijana kwenye karakana ya reli, akapewa nafasi na dereva kwenye treni ya mizigo kutoka Tabora, na alipofika kwenye dakika ya themanini na saba ya hadithi yake alinyamaza, akatoa kitambaa, akafuta miwani. Baada ya miaka arobaini na saba!

“Nikarudi Tabora na njaa,” alisema. “Hela ya kula niliiweka dau.”

Safari ya reli ya kati ni ndefu na sitaisimulia yote. Usiku ule tulipita Morogoro na Kilosa huku wengi wamelala, vichwa mabegani mwa watu wasiowajua. Dodoma palikuwa na upepo na vumbi. Ukishapita Manyoni ndipo reli inapokuwa soko: Itigi kuku wa kukaanga wanainuliwa kwenye mabeseni mpaka usawa wa dirisha, noti inashuka, paja linapanda, na treni ikianza kuondoka muuzaji anakimbia nayo akidai chenji yake au akirudisha yako. Wauzaji nao walishaelewa abiria wa safari ile ni wa namna gani. Kijana mmoja alikuwa na bei mbili za kuku uleule, ya Simba na ya Yanga, na bei ya Simba ilikuwa juu. Nilipomuuliza sababu alisema mabingwa wana hela. Nilimpa na ya soda.

Tabora tulikaa sana. Hapo ndipo treni inapokatwa, mabehewa ya Mwanza yanakwenda kaskazini na ya Kigoma yanaendelea magharibi, na kila abiria anahakikisha tena na tena kwamba yuko kwenye behewa lake. Kutoka hapo miombo ni ileile saa nyingi. Wajerumani waliifikisha reli hii Kigoma mwaka 1914, kama kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam, na ukitazama dirishani huoni walifikiria nini kingine zaidi ya ziwa. Njiani kuna asali, tumbaku ya Urambo na Kaliua, mto Malagarasi na mabwawa yake, na chumvi ya Uvinza. Watu walipanda Uvinza na vifurushi vya chumvi na jezi mpya kabisa, bado zina mikunjo ya kwenye mfuko. Msichana mmoja alikuwa na jezi ya Simba na mtoto mgongoni kafungwa kwa kanga ya kijani. Tukamzomea kwa mapenzi, akasema mtoto ni wa baba yake.

Kisha treni ikashuka Luiche, michikichi ikaanza, na ziwa likatokea.

Kituo cha Kigoma ni jengo kubwa la Kijerumani, lina matao, na limekaa mbele ya mji kama mwenye nyumba anayepokea wageni. Barabara ya Lumumba inapanda mlima kutoka hapo, miembe pande zote mbili, na Jumamosi ile kila mwembe ulikuwa na bendera. Bodaboda zilikuwa na bendera. Mbuzi mmoja pale mtaa wa Mwanga alikuwa amevalishwa skafu nyekundu na nyeupe, na mwenyewe alikuwa akitoza wanaotaka kupiga naye picha. Vyumba vya wageni vilikuwa vimejaa zamani. Watu walilala kwa ndugu, kwa ndugu wa ndugu, msikitini, kwenye mabasi waliyokuja nayo. Mzee hakutaka kusikia habari ya gesti. Alinichukua kwake Ujiji, nyumba ya Sunderland tupu tangu babu hadi mjukuu, nikapewa mkeka barazani na onyo kwamba jezi yangu isianikwe kamba moja na zao.

Ujiji ina mnara wa Livingstone na Stanley, waliokutana hapo mwaka 1871, na wageni wote hupelekwa. Nilipelekwa, nikaona, tukarudi kula. Ugali wa muhogo, migebuka iliyoungwa kwa mawese, na dagaa ambao sisi Dar huuziwa kwa jina la Kigoma bila kujua kama ni wao kweli. Hawa walikuwa wao. Mama mwenye nyumba aliniita shemeji, akanijazia sahani, akasema mfungwa lazima ale vizuri siku moja kabla.

Jioni tulikwenda Kibirizi, ufukoni kaskazini mwa mji, ambako boti za kwenda Gombe hutia nanga. Nilitarajia kuona wavuvi wakijiandaa kuingia ziwani. Badala yake mitumbwi ilikuwa imepangwa mchangani, nyavu zimeanikwa, taa zimekusanywa, na vijana wamekaa makundi makundi wanabishana. Nilifikiri wamegoma kwa ajili ya mpira. Nahodha mmoja alicheka sana. Dagaa, alinieleza, hufuata mwanga. Usiku wa giza unawasha taa, dagaa wanapanda na kujikusanya chini yake, wavu unawainua. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima limewaka. Taa yako haina maana na dagaa wametawanyika wanakotaka. Kwa hiyo kila mwezi, siku za mbalamwezi, wavuvi hukaa nchi kavu, hushona nyavu na kupumzika. Na mwezi wa Julai ulikuwa umekamilika usiku uliotangulia.

“Waliopanga ratiba Dar hawakulijua hili,” alisema, “lakini Mungu alilijua. Fainali ingekuwa wiki mbili mbele au nyuma, nusu ya watu wa Kigoma wangekuwa majini usiku kucha na mchana wamelala.”

Kundini mwao alikuwamo mfanyabiashara kutoka Kalemie, ng'ambo ya pili, aliyekuwa Kigoma kwa biashara ya vitenge. Yeye alikuwa Yanga kwa sababu moja tu, nayo ni Mukoko Tonombe, kiungo tuliyemtoa AS Vita ya Kinshasa. “Mukoko ni mutoto ya kwetu,” alituambia. “Kesho ataleta kikombe, mutaona.” Kutoka Kinshasa hadi Kalemie ni mbali kuliko kutoka Dar hadi Kigoma, lakini mbele ya Waha na Wamanyema waliojaa pale, Mkongo ni Mkongo. Walimjibu kwamba Simba nao wana Mkongo wao, Chris Mugalu, na Mganda, na Mzambia, na Mmsumbiji, na ubishi ukahamia kwenye swali la nani kati ya timu hizi mbili bado ni ya Watanzania. Hakuna aliyeshinda.

Bandarini MV Liemba ilikuwa imelala, haifanyi safari, inangoja matengenezo. Meli hiyo ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuungwa hapa Kigoma. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 26, 1916, isichukuliwe na adui, na Waingereza wakaiopoa mwaka 1924. Mzee alinionyesha kwa mkono, akasema ile nayo iliwahi kuzama ikarudi, kwa hiyo kesho nikifungwa nisikate tamaa.

Kuhusu kamati za ufundi nitasema kidogo tu. Kila mtu anajua kwamba watani wakikutana kuna kamati isiyo na ofisi wala risiti, na kila mtu mjini alikuwa na habari zake: nani kaonekana uwanjani usiku wa manane, nani kaingia na njiwa, basi gani litakataa kupita geti kuu. Wenyeji walikuwa wamechukizwa kidogo na mambo hayo. Si kwamba hawaamini. Walichokasirikia ni tetesi kwamba wageni wamekuja na wataalamu wao kutoka Pwani, kana kwamba Kigoma haina watu.

Jumapili watu walianza kupanga foleni kabla ya adhuhuri, wengine tangu alfajiri. Sijui idadi na sitaikisia. Ninachojua ni kwamba nilipoingia majukwaa yalikuwa yamejaa, na nje miti, mapaa na kingo za ukuta zilikuwa na watu waliokuwa wanaona nusu ya uwanja na kuambiwa nusu nyingine. Nilipata nafasi upande wa jua, kwenye saruji, katikati ya mchanganyiko wa rangi zote, maana mikoani watu hukaa na jirani zao, hawagawanyiki kijani na nyekundu kama tunavyogawanyika Dar.

Kushoto kwangu alikuwa amekaa mtu wa makamo, mkulima wa Heru Juu huko Kasulu, shati jeupe limepigwa pasi, viatu vya kwenda harusini. Alikuwa na redio ndogo ya mkononi, antena imefungwa kwa waya, ameibana sikioni. Timu zilipotoka kupasha misuli nilifikiri ataizima. Hakuizima. Mpira ulipoanza aliongeza sauti.

Nilimuuliza, kwa upole, kwa nini anasikiliza redio na mchezo uko mbele ya macho yake.

“Bwana,” alisema bila kugeuka, “mimi Yanga tangu nina akili. Lakini hawa sijawahi kuwaona. Bila mtangazaji sijui nani ni nani.”

Basi ndivyo tulivyoitazama fainali. Mtangazaji akitaja jina, yeye anatafuta uwanjani kwa kidole, akishampata anamkodolea macho, kisha anatikisa kichwa, wakati mwingine kwa mshangao. Huyu ndiye Manula? Mbona si mrefu nilivyodhani. Huyu ndiye Chama? Kumbe anatembea tu. Redio ilikuwa nyuma ya uwanja kwa nukta kadhaa, kwa hiyo mpira ulikuwa umeshatoka nje wakati mtangazaji bado anasema hatari, hatari, na mkulima yule alikuwa anashtuka mara mbili kwa kila tukio: la macho, halafu la masikio. La masikio lilimshtua zaidi. Waliokaa nyuma yetu walianza kumuuliza yeye badala ya kutazama. Kabla ya nusu saa kwisha tulikuwa na mtangazaji wetu, anayetangaza kilichotangazwa.

Mchezo wenyewe? Sitaudanganya umma. Ulikuwa mbaya. Watu walicheza miguu kuliko mpira, filimbi ilikuwa haipumziki, na viungo wa pande zote mbili walikuwa na kazi moja ya kuhakikisha hakuna anayegeuka na mpira. Kocha Nabi wa kwetu na Gomes wa Simba walikuwa wakipiga kelele ambazo hakuna aliyezisikia. Dakika za mwisho za kipindi cha kwanza Mukoko alimpiga John Bocco kiwiko, mwamuzi akaingiza mkono mfukoni, kadi ikatoka nyekundu.

Upande wetu walitukana. Nami naelewa, siku ya fainali hakuna kadi ya haki dhidi yako. Lakini kiwiko nilikiona, kilikuwa kiwiko, na mchezaji wa kiwango kile kuiacha timu yake watu kumi kwa nusu nzima ya fainali ni jambo la kumnunia msimu mzima. Nilimtafuta Mkongo wangu wa Kalemie. Alikuwa amesimama safu tatu chini, mikono kichwani, na vijana wa Kibirizi walikuwa wamemzunguka wakimuuliza mutoto ya kwenu anakwenda wapi.

Kumi dhidi ya kumi na moja, Yanga walicheza vizuri kuliko walivyocheza wakiwa kamili. Hilo nalo ni la ajabu na hutokea. Walirudi nyuma, wakafunga njia za katikati, wakawa wanatoka kwa mbio pembeni, na kuna wakati uwanja mzima uliamini kwamba tutafika matuta. Mkulima wa Kasulu alikuwa ameshaanza kuhesabu nani atapiga penalti. Halafu, zikiwa zimebaki kama dakika kumi, ikapigwa kona ya Simba, Luis Miquissone akaiinua, na Taddeo Lwanga, kiungo wa Kiganda ambaye kazi yake mwaka mzima ilikuwa kukaba, akapanda juu ya watu wote akaweka kichwa.

Kelele ya bao hilo ilikuja mara mbili. Kwanza ndani ya uwanja. Kisha, baada ya pumzi moja, ikaja ya nje, ya kwenye miti na mapaa, na ya mji wote uliokuwa kwenye redio na televisheni. Redio ya jirani yangu ndiyo iliyofika ya mwisho. Aliisubiri. Alikuwa ameshaona mpira wavuni kwa macho yake, lakini alisubiri mpaka mtangazaji akasema ndipo akainamisha kichwa.

Yaliyobaki yalikuwa ya Simba. Bernard Morrison, yule Mghana aliyetukimbia mwaka uliotangulia na kesi yake ikafika hadi mahakama ya michezo ya kimataifa, alisherehekea kwa kuvua bukta mbele ya umma, jambo ambalo baadaye lilimgharimu kifungo cha mechi. Akina mama waliokuwa mbele yangu walifunika nyuso kwa kanga, kisha wakachungulia. Kombe likainuliwa. Simba walikuwa wamebeba ligi na kombe la shirikisho kwa msimu mmoja, na la shirikisho wamelichukua mara mbili mfululizo.

Nilipogeuka kumuaga jirani yangu alikuwa anakunja antena.

“Umewaona sasa,” nilimwambia.

“Nimewaona,” alisema. “Redioni walikuwa wakubwa zaidi.” Kisha akaniuliza kama Dar huwa wanacheza vibaya hivi siku zote. Nilimwambia wakikutana wao kwa wao, ndiyo, mara nyingi. Alifurahi. Aliogopa kwamba wamechezea Kigoma hovyo kwa dharau.

Usiku ule Mwanga hapakulalika. Lilipita jeneza la maboksi lililofunikwa kitambaa cha kijani na njano, nyuma yake vijana wanalia kilio cha kitaalamu, na mbele shehe wa uongo mwenye ndevu za pamba. Msafara ukisimama mbele ya kila duka linalojulikana kuwa la Yanga, mwenye duka anatakiwa atoe rambirambi. Wengi walitoa. Mmoja alifunga duka akatoka na fimbo, akakimbizana nao mpaka kona, akarudi anacheka. Nyumbani kwa mzee nilipokewa kwa ukimya wa msiba, nikawekewa mkeka katikati ya sebule, familia nzima ikaja kunipa pole mmoja mmoja, mpaka kitoto cha miaka minne. Mama alileta uji, eti mfiwa hali vitu vigumu.

Nimeshaona mechi nyingi za watani pale Mkapa. Huko watu hutoka wakisukumana kuwahi daladala, na matusi ya kwenye magari huendelea kesho ofisini yakiwa makali zaidi. Kule Kigoma, aliyekutania usiku ndiye aliyekubebea begi asubuhi. Mtu anaweza kusema ni kwa sababu ilikuwa mara moja, na cha mara moja hakichoshi. Huenda. Lakini naamini pia ni kwa sababu wale watu wamekaa na utani huu muda mrefu bila timu zenyewe kuwepo kuuharibu. Wameutunza wenyewe, kijiji kwa kijiji, na timu zilipokuja zilikuta umeshakomaa. Ndiyo maana kila nikisikia mtu wa Dar akilalamika kwamba fainali mikoani ni usumbufu, viwanja vibovu, hoteli hakuna, huwa namwuliza usumbufu wa nani. Miaka iliyofuata ilikwenda Arusha, Tanga na Zanzibar. Iendelee kutembea.

Habari hii ina mkia wake. Wiki ileile ya fainali msemaji wa Simba, Haji Manara, mtu aliyetutukana kwa ufundi kwa miaka, aliachana na klabu yake, na Agosti haijaisha akatambulishwa Jangwani, amevaa kijani. Simu yangu iliita usiku. Alikuwa mzee wa Ujiji.

“Mwanangu, nasikia mmemchukua Manara.”

Nikamwambia tumemchukua.

“Mchukueni tu. Mdomo nendeni nao, kombe limebaki huku.”

Sikuwa na jibu, na nilikaa bila jibu mpaka Septemba 25, miezi miwili kamili tangu fainali, siku ya Ngao ya Jamii. Tulikuwa tumeshasajili Mkongo mwingine kutoka AS Vita, Fiston Mayele, na mapema tu kipindi cha kwanza aliifunga Simba bao ambalo halikurudishwa. Filimbi ya mwisho ilipolia nilimpigia mzee. Simu iliita mpaka ikakatika. Asubuhi yake ndipo ukaingia ujumbe: mtandao wa huku unasumbua sana siku hizi, mwanangu, hata redio haikamati.